Kamati ya Kwenda Kasrini

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu mbele ya kibanda cha kinyozi, miguu mitatu ya mti na wa nne rundo la matofali, na mchana ule wa Ijumaa lilikuwa limejaa kama kawaida. Upande wa matofali, ambao ndio uliokuwa imara, alikaa Waziri. Huyu hakuwahi kuwa waziri wa kitu chochote. Alikuwa karani wa idara ya maji aliyestaafu, mtu wa kunyoosha suruali mpaka inakata, na kila jambo kwake lilikuwa ajenda. Kando yake alikaa Dobi, ambaye ukimwamkia anakuangalia kwanza kola ya shati ndipo anaitikia. Akafuata Fundi Redio, bisibisi nyuma ya sikio, aliyeamini kwamba hakuna jambo duniani lisilo na waya uliofichwa mahali. Mwisho kabisa, birika la kahawa likiwa katikati ya miguu yake, alikaa Mzee Kumbe, mpaka rangi wa zamani, ambaye kijiweni alikuwa na kazi mbili tu: kumimina kahawa na kusema "kumbe". Kinyozi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mashine ya kunyolea mkononi, na uso umemvimba kwa hasira.

Na hasira yake ilikuwa ya haki. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa anahama Jumapili. Anakwenda kukaa kwa binti yake, mbali, huko ambako mtu haendi kwa matembezi akarudi. Kabla ya kuondoka alimwomba mdogo wake kitu kimoja: waende wakatembee kwenye kasri la wafalme wa zamani na bustani zake. Kinyozi akakubali papo hapo, wala hakufikiria mara mbili. Kosa alilifanya kesho yake, alipoketi kijiweni, akapokea kikombe, akauliza kwa sauti: "Hivi kule kasrini watu wanaingilia lango gani?"

Hilo tu. Lakini kijiwe kile kilikuwa na sheria moja, nayo ilikuwa kali kuliko za serikali: neno likikutoka kikombe kikiwa mkononi, si lako tena, ni la benchi. Hulirudishi nyumbani. Safari ya watu wawili ikawa ya kamati. Jumamosi ya kwanza ikaharibika kwa sababu Dobi alikusanya nguo za wote azifue "kwa hadhi ya kasri", mvua ikanyesha, na asubuhi hapakuwa na mwanamume mwenye suruali kavu. Jumamosi ya pili walikaa benchini wakimsubiri Waziri mpaka jua likapinda. Kumbe Waziri yuko kwake, ndani ya suti, anasubiri mtu atumwe kumwalika rasmi. Kesho ndiyo Jumamosi ya mwisho. Baada ya hapo hakuna dada wa kumpeleka.

— Nauliza kwa mara ya mwisho, alisema kinyozi. Kesho tunaondoka saa ngapi?

— Swali zuri, alijibu Waziri. Ila limekuja kabla ya zamu yake. Saa ni ajenda ya mwisho. Ajenda ya kwanza ni hii: tukifika, tunaanzia vyumbani au bustanini?

— Kumbe! alisema Mzee Kumbe, akammiminia Waziri kahawa.

— Waziri, mimi nimeuliza saa.

— Haraka haraka haina baraka, kijana.

— Jumamosi mbili zimekwenda na maji! Hiyo haraka iko wapi?

— Ndiyo maana baraka nazo ziko karibu.

Kinyozi alishusha pumzi. Yeye alikuwa na mkono usiotetemeka. Angeweza kukupitishia wembe kooni huku anabishana na mtu wa nje, na usipate hata mchubuko. Lakini kumwambia Waziri "hapana" usoni, hilo halikuwamo katika ufundi wake. Tena kulikuwa na jambo jingine. Kibanda kilipokuwa kipya na hakina mteja hata wa kusingiziwa, wazee hawa ndio waliokuwa wanaingia kwa zamu, wanakaa kwenye kiti, wananyolewa vichwa ambavyo havikuwa na nywele, ili wapita njia waone pana shughuli. Mtu aliyekupa upara wake unyoe utamfukuza kwa maneno gani?

— Mimi nasema vyumbani kwanza, alisema Dobi. Wahenga walisema, nyumba nzuri si mlango, fungua uingie ndani. Ukianza na bustani unaingia ndani na matope. Na mle ndani kuna mazulia, ndugu zangu. Lile zulia la ukumbi mkubwa, nasikia limefuliwa mara moja tu tangu lifumwe.

— Limefuliwa na nani? aliuliza Fundi Redio.

— Hapo sasa! Yule dobi aliyelifua hakuonekana tena.

— Kumbe!

— Alikwenda wapi?

— Alijua uchafu wa mfalme, bwana. Dobi ndiye anayejua siri za watu. Wewe unaficha kwa mkeo, unaficha kwa mama yako, lakini shati lako mimi unaniletea. Siku nikiamua kusema ya mtaa huu...

Waziri alikohoa. Nguo zake zote zilikuwa zinapita kwa Dobi.

— Tuendelee na ajenda, alisema haraka.

— Mnapoteza muda na mazulia, alidakia Fundi Redio. Jambo liko bustanini. Mnaliona lile bwawa lenye maji yanayoruka juu?

— Tutalionaje na hatujafika! alifoka kinyozi.

— Tulia, utalifikia. Yale maji hayaruki bure. Chini pale pana bomba, na bomba lile halikuwekwa kwa ajili ya maji. Liliwekwa kwa ajili ya sauti. Mfalme anakaa zake chumbani, anaweka sikio kwenye bomba, anasikia kila linalosemwa bustanini. Fulani ananisema, fulani kachoka na kodi, fulani anamtaka binti wa fulani. Ile ndiyo redio ya kwanza. Hawa wengine waliokuja baadaye wameongeza betri tu.

— Kumbe!

— Wewe mzee, kila kitu kwako kumbe? Zulia kumbe, bomba kumbe! alisema kinyozi.

— Sasa mwanangu, nimwambie mtu mzima anadanganya?

— Na lile bomba bado linafanya kazi, aliendelea Fundi Redio, wala hakuwasikiliza. Vitu vya zamani haviharibiki. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo tukifika bustanini, hakuna kuzungumza. Tunatumia ishara.

— Ishara?

— Mkono mmoja juu, maana yake pazuri. Miwili juu, tuondoke.

— Na dada yangu? Naye aende kasrini akanyooshe mikono?

— Dada yako hana shida. Yeye atakaa kimya tu.

— Dada yangu akae kimya! Anasafiri Jumapili, simwoni tena mpaka sijui lini, halafu nimpeleke mahali akae kimya?

— Kwa usalama wake, kaka. Usikasirike.

Waziri aliinua kikombe, jambo ambalo pale kijiweni lilimaanisha wengine wanyamaze. Hawakunyamaza, lakini walipunguza sauti.

— Wote mmekosea, alisema. Tusianze vyumbani, tusianze bustanini. Kasri lina ghorofa. Na mpanda ngazi hushuka. Kwa hiyo sharti tuanzie juu kabisa, tuteremke.

— Tutafikaje juu bila kupanda? aliuliza kinyozi.

— Hilo ni suala la utekelezaji. Tutaunda kamati ndogo.

— Kamati ndogo ya kupanda ngazi!

— Penye wengi hapaharibiki neno.

— Hapa ndipo lilipoharibikia, Waziri! Hapa hapa, kwenye huu ubao!

— Unaona? Hiyo hasira ndiyo itakayokuaibisha mbele ya kiti cha enzi. Mlango wa kile chumba ni mfupi makusudi, ili kila anayeingia ainame. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Swali ni nani anainama wa kwanza. Kwa kufuata itifaki, ni mimi. Nimeanza mazoezi nyumbani.

— Kumbe! Na mgongo vipi?

— Unauma, lakini kwa taifa mtu unavumilia.

Hapo ndipo alipofika mteja. Alikuwa mtu wa makamo, mgeni, aliyehamia mtaa wa nyuma wiki ile ile, na nywele zake zilionyesha kwamba kuhama kulimchukua muda. Aliamkia benchi zima, akauliza kinyozi ni nani. Wote wanne wakamwonyesha kwa vidole, kana kwamba wamemshika mwizi. Kinyozi alifurahi kupata kisingizio. Akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye kiti kinachotazamana na mlango, akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine.

Lakini kibanda hakikuwa na ukuta upande wa benchi. Kilikuwa na pazia tu, na pazia lilikuwa kwa Dobi tangu mwezi uliopita. Kila neno likawa linaingia.

— Waziri, alikuwa anasema Dobi, mimi jambo linaloninyima usingizi ni zile njia za bustanini. Nasikia kuna sehemu wamepanda miti imebanana kama ukuta, juu kuliko kichwa cha mtu. Unaingia upande huu, unazunguka, unazunguka, hutokei. Kuna watu waliingia na watoto wachanga wakatoka na wajukuu.

— Wakila nini huko ndani? aliuliza Mzee Kumbe, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza la maana mwaka ule.

— Matunda, mzee. Na samaki wa lile bwawa.

— Kumbe!

— Dawa ninayo. Nitaleta kamba yangu ya kuanikia, ile ndefu. Tunajifunga wote viunoni, mmoja nyuma ya mwingine. Mbele Waziri, halafu mimi, nyuma yangu Fundi, anafuata mzee, halafu kinyozi. Dada yetu tunamfunga mwisho kabisa, na vibanio viwili, asichomoke.

Kule ndani kinyozi alizima mashine, akaiwasha, akaizima tena.

— Kaka, umenyoa upande mmoja, mteja alimkumbusha kwa upole.

— Najua, ndugu yangu. Niwie radhi. Hawa watu watanitoa roho.

— Kamba haitasaidia kitu, alisema Fundi Redio kule nje. Maana mle bustanini mwenyewe yumo.

— Mwenyewe nani? aliuliza Dobi.

— Mfalme.

— Si alikufa zamani!

— Nani aliyemwona amekufa? Wewe ulimwona? Waziri, ulimwona? Kuna mzee mmoja pale, anakata majani kila siku, kofia ya majani, haongei na mtu. Kila mkuu wa kasri anayekuja anamkuta, anaondoka anamwacha. Mshahara haendi kuchukua. Sasa mwenye kazi asiyechukua mshahara ni nani kama si mwenye nyumba?

Safari hii hata Mzee Kumbe alisahau neno lake. Waziri aliweka kikombe chini polepole, akanyoosha mkunjo wa suruali.

— Kama ni hivyo, alisema, basi nitahitaji kuandaa hotuba. Haiwezekani tumkute mfalme mzima tumwambie tu habari za saa hizi. Hotuba fupi. Ya nusu saa, hivi. Nitazungumzia maji.

— Mimi nitamuuliza habari za lile zulia, alisema Dobi.

— Mimi bomba, alisema Fundi Redio.

— Kwa hiyo, Waziri alihitimisha, sasa twende kwenye usafiri. Dobi, gari la shemeji yako lina nafasi ngapi?

— Mbele mmoja na dereva. Nyuma watatu, wakibanana.

— Vizuri sana. Mbele, mimi. Nyuma, wewe, Fundi na Mzee Kumbe. Kinyozi ni mwembamba, atakaa kule kwenye mizigo, na birika alishike yeye, maana ana mkono mtulivu. Limekwisha. Nani anapinga? Hakuna.

Kinyozi alitoka mlangoni. Alitoka taratibu sana, na nywele za mteja zimemjaa mikononi.

— Na dada? aliuliza.

Wakatazamana. Dobi alihesabu kwa vidole, akaanza upya. Fundi Redio alichomoa bisibisi sikioni, akaitazama kana kwamba jibu limeandikwa kwenye mpini.

— Dada gani? alisema Waziri.

— Dada yangu! Mwenye safari! Aliyeomba kwenda!

— Aa. Ndiyo, ndiyo. Hilo nalo linazungumzika. Kwanza njia ni mbovu, yeye kesho kutwa ana safari ndefu, si vizuri kumchosha. Pili, birika lazima liende. Mimi napendekeza hivi: twende sisi, tuangalie kila kitu kwa makini, halafu jioni tupite kwake kwa heshima zote, tumweleze.

— Tumpigie na picha, alisema Dobi.

— Eeeh! Picha! alidakia Waziri. Kuona ni kuona.

Mzee Kumbe alifungua mdomo kusema neno lake, akamwona kinyozi, akaufunga.

Hasira ikikupita kimo, sauti haitoki. Kinyozi alitamani kulipiga teke lile rundo la matofali benchi lianguke na kahawa imwagike na suruali ya Waziri ipate doa ambalo hata Dobi lingemshinda. Angefanya hivyo. Nadhani angefanya. Lakini nyuma yake mteja alikuwa ameinuka kwenye kiti, akaja mpaka mlangoni na kitambaa chake shingoni, kichwa nusu kimenyolewa nusu kichaka.

— Samahani, wazee wangu, alisema. Mimi mgeni hapa, mnisamehe nikiingilia. Nimekaa nasikiliza. Huyo dada, kule kasrini anataka kuona nini?

Swali lenyewe lilikuwa dogo, la mtu anayetaka tu kuelewa hadithi. Lakini lilikaa katikati ya benchi na hakuna aliyeligusa.

— Mapazia, alisema Dobi mwishowe. Wanawake wanapenda mapazia.

— Bwawa, alisema Fundi Redio. Kila mtu anataka kuona bwawa.

— Historia, alisema Waziri. Historia kwa ujumla wake.

— Alisema hivyo? aliuliza mteja.

Kidogo kidogo macho yote yakamgeukia kinyozi, maana yeye ndiye ndugu, na ndugu hujua.

Kinyozi hakujua. Alitafuta kichwani, akakuta lango, gari, kamba, ngazi, birika. Dada hakumwona humo. Wiki mbili nzima alikuwa anaipigania safari ile, amegombana na watu wazima, amekosa usingizi, na hakuwahi hata siku moja kumuuliza mwenye safari ni nini kinampeleka. Dada alijua kwamba yeye hali vitunguu vibichi, na kwamba akiwa na homa hataki kufunikwa miguu. Na yeye je, anajua nini cha dada? Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni.

— Sijui, alisema.

— Basi si umuulize, alisema mteja, akarudi zake kukaa.

Kinyozi alitoa simu. Simu hiyo ilikuwa imewahi kupita mikononi mwa Fundi Redio, na tangu siku ile ilikuwa haijui kunong'ona. Ukipigiwa, mtaa mzima umepigiwa. Hakujali. Alibonyeza, ikaita, ikapokelewa.

— Dada, shikamoo.

— Marahaba, mdogo wangu. Umekula?

— Nimekula.

— Hujala. Na hao wenzako hawajambo?

— Hawajambo, dada.

Waziri aliinua mkono kusalimia, kana kwamba anaonekana.

— Dada, nina swali. Kule kasrini, wewe hasa ulitaka kuona nini?

Ndani ya simu ilisikika sauti ya kabati kufungwa, halafu ya mtu anayeketi kitandani.

— Sitaki kuona kitu, alisema dada.

— Kumbe, alisema Mzee Kumbe, kwa sauti ndogo.

— Hutaki?

— Kasri nimeliona kwenye kalenda maisha yangu yote, linanitosha. Mimi nilitafuta mahali pakubwa, pa kutembea polepole, pasipo na lile benchi lako. Nikakosa mahali pa karibu, nikasema kasri. Mimi kila nikija hapo kibandani nina neno la kukuambia, ananijibu Waziri. Siku ile nimekuja na machozi yangu, Dobi akanifundisha dawa ya kutoa madoa. Na nilipokuja kukwambia kwamba nahama, unakumbuka? Uliwaangalia wao kwanza. Wao kwanza, ndipo ukaniangalia mimi.

Dobi aliinamisha uso, akaanza kukagua kifungo cha shati lake mwenyewe.

— Dada...

— Ngoja nimalize, maana leo hawanikatizi. Nina ya kukuambia ya mama, alivyosema siku zake za mwisho. Wewe ulikuwa mdogo, nikasema nitakuambia ukikua, halafu ukakua, ukafungua kibanda, ukawa na watu muda wote. Nina na yangu pia, ya kwangu tu. Naogopa huko ninakokwenda, mdogo wangu. Mtu mzima naogopa. Hayo yote ni ya kukuambia wewe, si ya kamati. Lakini kama haiwezekani, si neno. Nimeshazoea.

Alilisema hilo la mwisho bila uchungu, na ndilo lililomuumiza kinyozi kuliko mengine yote. Afadhali angegomba. Machozi yakamlenga kinyozi mbele ya wazee na mbele ya mteja, na hakuyaficha.

Waziri alisafisha koo, akaisogelea simu.

— Dada yetu mpendwa, kwa niaba ya kijiwe na kwa niaba yangu binafsi, napenda kutumia nafasi hii...

— Waziri, nyamaza, alisema kinyozi.

— Nilikuwa tu nataka kuweka sawa...

— Nimesema nyamaza. Nakuheshimu, na wema wenu siwezi kuusahau hata mkinikataza. Lakini huyu ni dada yangu na mimi ndiye ninayezungumza naye. Hapana. Hapana kwa gari, hapana kwa kamba, hapana kwa hotuba.

Waziri alirudi nyuma mpaka akagusa matofali. Ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa neno lile pale benchini, na alionekana hajui aliweke wapi. Fundi Redio alitaka kusema jambo; Mzee Kumbe akamwekea kiganja mdomoni, kwa utulivu kabisa, akakiacha hapo hapo.

— Dada, upo?

— Nipo.

— Kesho asubuhi nakuja kukuchukua.

— Wewe na nani?

Kinyozi aliwapa mgongo wote wanne, akatazama barabara.

— Mimi na wewe tu.

Dada alipojibu, sauti yake ilikuwa imebadilika, kama ya mtu anayecheka na kulia kwa wakati mmoja.

— Hebu sema tena, mdogo wangu.

Kinyozi akasema tena, kwa sauti ya juu, benchi zima lisikie.